Sahani Zilizorudi Tupu

Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuchora vyakula kwenye ukuta wa hoteli moja ya Ipuli. Hoteli yenyewe ni chumba kimoja chenye mabenchi manne na baraza ya mabati. Mwenyewe, mama mmoja mnene mcheshi, alitaka wali maharage, ugali na samaki, vikombe vya chai, na pembeni bakuli la michembe ya karanga, kwa sababu wateja wake ni watu wa Tabora na hawataamini hoteli isiyo na michembe. Wali niliumaliza siku moja. Samaki nusu siku. Michembe niliichora nikaifuta, nikaichora tena nikaifuta. Siku ya tatu yule mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Dada, kwani wateja wataila hiyo ya ukutani?"

"Haijakaa sawa."

"Mimi naiona imekaa."

"Rangi yake siyo."

"Haya, ngoja nikuletee yenyewe uiulize," akasema, na wanaume waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Akaleta kweli bakuli la moto, akalitua juu ya ndoo yangu ya rangi.

Mvuke ulinipiga usoni: viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani, vikachemshwa, vikatiwa karanga za kupondwa. Niliweka brashi chini, nikaenda nyuma ya hoteli, nikachuchumaa pale penye majivu. Nilirudi nikamwambia yule mama kwamba nina malaria. Sikuwa na malaria.

Watu huniuliza nilisomea wapi kuchora. Sikusomea popote. Siku zote nimejibu kwamba alinifundisha mama yangu, na nilikuwa nikijibu kwa majivuno. Naandika haya kwa sababu sijui tena nijibu nini. Nimeiandika aya hii mara sita, na bado naona haijakaa sawa, lakini nimejiapiza kutoifuta.

Nilikuwa na miaka tisa tulipotoka Nzega kwenda Chemchem, hapa Tabora mjini, kwa mdogo wake mama. Tulipanda basi la asubuhi, mama amejikaza tumbo kwa khanga mbili, kichwa chake kimelalia dirisha. Baba alibaki na pamba yake. Alisema angekuja baada ya kuvuna. Alikuja kuzika.

Mama mdogo alimpa mama chumba cha uani, chenye kitanda cha kamba na dirisha moja dogo lililotazama kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa mwanamke wa mbio. Alikaanga vitumbua alfajiri, akavipeleka sokoni, akarudi kupika, akaondoka tena. Na alikuwa na utaratibu mmoja aliolelewa nao, ambao haukuvunjwa kwenye nyumba ile: mgonjwa hatazamwi akila. Macho ya mtu mzima, alisema, humkaba mgonjwa koo. Chakula kilipakuliwa, kikafunikwa kwa kawa la ukindu, kikapelekwa na mtoto, mlango ukarudishwa. Mtoto hakuwa na neno. Mtoto ni kama hayupo.

Kwa hiyo mama mdogo hakumwona dada yake akila hata siku moja. Alisoma vitu viwili tu nilivyomrudishia: sahani, na maji ya kunawia. Sahani ikirudi tupu, na maji yakiwa na chembe za ugali na mafuta mafuta juu, alisema, "Alhamdulillahi, leo amekula," akayamwaga kwenye mgomba.

Siku ya kwanza ya masomo, kama nilivyoyaita, chakula kilikuwa michembe. Niliondoa kawa, nikaiweka sahani kwenye kigoda kando ya kitanda. Mama aligeuza uso pale pale. Mimi sikulijali hilo, maana nilikuwa na kipande cha mfuko wa saruji na penseli, na nilivutwa na jinsi vile vipande vilivyopandana, vingine vimekunja kingo kama majani makavu. Nikaanza kuchora. Baada ya muda mama akasema, bado ametazama ukutani:

"Unafanya nini huko?"

"Nachora chakula chako."

"Hebu." Akanyoosha mkono, nikampa. Aliitazama karatasi muda mrefu. "Hii michembe au mawe?"

"Michembe."

"Mtu akiila hii atavunjika meno. Rudia."

Nikarudia. Akasema afadhali, lakini karanga ziko wapi? Nikarudia tena. Mara ya nne ndipo aliponirudishia karatasi na kusema, "Sasa inalika." Nilihisi kifua kinanijaa. Shuleni mwalimu alikuwa akipita na kutia alama bila kutazama. Hapa palikuwa na mtu aliyetazama kila mstari.

"Sasa kula," akaniambia.

"Na wewe?"

"Mwanafunzi akimaliza kazi ndiye anayekula. Mimi nimetosheka. Ila mama mdogo wako usimwambie, atasema nakudekeza."

Michembe ilikuwa imepoa. Nililamba hata karanga za pembeni. Kisha mama akachovya ncha za vidole vyake vitatu kwenye masalia ya mchuzi, akavinawa taratibu ndani ya bakuli la maji mpaka maji yakapata rangi. Nilidhani ananifundisha jambo jingine la uchoraji, jinsi rangi inavyoachia kwenye maji.

Baada ya hapo ikawa kila siku, asubuhi na mchana. Nilijifunza kutengeneza rangi kwa vitu vya jikoni: manjano kwa wali, majani ya kisamvu niliyoyasugua kwenye karatasi, chai nzito kwa ugali wa mtama, masizi ya sufuria kwa kivuli. Nilijifunza kwamba dagaa hawalali sawasawa, kila mmoja ana macho yake. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, nikabandika kiraka kwa ugali. Na kila nilipofikiri nimemaliza, mama alikuwa na neno.

"Huo ugali umelala. Ugali wa mama mdogo wako umesimama. Rudia."

"Moshi wa uji haupandi hivyo kama wa bomba la gari. Rudia."

"Sasa hautoki moshi tena, mama. Umepoa."

"Basi chora ulivyo sasa."

Kuna jambo nataka wenzangu wa rika langu mnielewe, maana wengi wetu tulikulia kwenye nyumba ambamo watoto hatukuelezwa kitu. Mimi nilifikiri mama anafunga. Nilijua watu wazima wanaweza kukaa bila kula kwa ajili ya jambo kubwa kuliko chakula. Nyumba nzima ilifunga Ramadhani na mama mdogo aliendelea kukaanga vitumbua bila kuonja. Nikajiambia mama amefunga kwa ajili ya picha zangu, ili nipate vitu vya kuchora visivyoguswa. Nilipoona mikono yake inakonda, niliona ni kipimo cha jitihada yake. Nikaona nami lazima nijitahidi zaidi, nisimwangushe.

Mimi, kwa upande wangu, nilinenepa. Nilikula sahani ya mama uani, kisha nikala kidogo kwenye sinia na wengine. Jirani yetu Mama Shani alipokuja kumjulia mama hali alinishika shavu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. We, hayo mashavu! Anaugua mama, unaongezeka wewe? Au unakunywa dawa zake?"

"Maji ya Chemchem hayo," mama mdogo akajibu, wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka. Nakumbuka ladha ya kicheko hicho, kwa sababu kinywani nilikuwa na tonge.

Michoro nilikuwa nikiificha chini ya godoro langu. Siku mama mdogo alipotoa magodoro juani kwa ajili ya kunguni, alizikuta karatasi, akakaa nazo kwenye ngazi ya mlango. Niliporudi shuleni alikuwa amezipanga mapajani.

"Hizi umechora wewe?"

"Ndiyo."

"Mashallah! Hii si bamia ya juzi? Na huu wali wa Ijumaa, hata ukoko umeutia!" Alicheka, akaita, "Mama Shani, njoo uone maajabu!" Mama Shani hakuwepo. Akaendelea kufunua, moja baada ya nyingine, na kicheko chake kikawa kinapungua. Mwishoni alikuwa anafunua kimya.

"Mbona sahani zote zimejaa?"

"Nachora kabla mama hajala."

"Unachukua muda gani, moja?"

"Mpaka iwe sawa."

"Halafu?"

"Halafu anakula."

"Anakula nani?"

Nilimwona akinitazama. Kwenye kamba khanga ya mama ilikuwa inadondosha maji. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba sitasema, hilo ni kweli, lakini sitaki kujificha nyuma ya ahadi. Nilichoogopa zaidi ni kwamba masomo yangekoma. Angekuja kukaa mama mdogo kwenye kile kigoda, na mama asingekuwa na nafasi ya kutazama karatasi yangu, na mimi ningekuwa tena mtoto wa kutiwa alama bila kutazamwa.

"Mama," nikasema.

Kisha akazikunja karatasi zote pamoja, akanipa. "Haya. Nenda ukabadilishe sare."

Tulikwenda hivyo siku kama kumi na tano zaidi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja nilimkuta mama amelala ubavu, ulimi umekauka, akaniita kwa jina la shangazi yangu aliyekwisha kufa. Niliweka uji chini nikapiga kelele. Mama mdogo alikuja na unga wa mchele mikononi, tukamtoa kwa mkokoteni mpaka barabarani, tukapata gari.

Hospitali nesi alikuwa msichana wa rika la binamu zangu wakubwa. Aliuliza maswali huku akiandika.

"Amekula lini mara ya mwisho?"

"Jana mchana," mama mdogo akajibu haraka. "Ugali na mlenda, alimaliza wote. Na jana asubuhi alikunywa uji, bakuli zima. Anakula vizuri, nesi, ila mwili hausikii."

Nesi akainua ngozi ya mkono wa mama kwa vidole viwili. Ilibaki imesimama pale alipoiachia.

"Huyu?" akasema polepole. "Huyu hajala, mama. Huyu ana siku nyingi hana kitu."

Nilijua mama mdogo amenigeukia. Sikuinua macho. Sakafu ya pale ilikuwa ya vigae vya kijivu, na kimoja kilikuwa na ufa wenye umbo la kiazi. Niliutazama ufa ule kwa makini sana, nikaanza kufikiri jinsi ya kuuchora.

Mama aliishi siku nne. Walisema ni uvimbe tumboni, kwamba umekwenda mbali, kwamba kama angeletwa mapema kidogo. Aliyekuwa anasema hakumalizia. Mimi nimeimalizia sentensi hiyo kwa namna nyingi tangu siku ile. Msibani walipika pilau. Watu walisema masikini mtoto, hatakula. Nilikula. Nilikaa na wanawake kwenye sinia nikala mpaka nikashiba, maana kazi yangu kwa miezi yote ile ilikuwa kumaliza chakula.

Nimeendelea kuchora vyakula. Sijui kuchora kitu kingine. Nyuso zinanishinda, miti inanishinda. Lakini nipe kisahani cha maandazi mawili na kikombe chenye ufa, nitakaa nacho kutwa. Nikifanya kosa nasikia sauti ya mama ikiniambia nirudie, na miaka yote nimeipenda sauti hiyo. Nimefuta kazi ambazo wateja walikuwa wamekwisha kuzikubali. Niliona ndiyo heshima yake.

Baada ya siku ile ya Ipuli, nilikwenda Chemchem. Mama mdogo sasa ana miguu inayovimba, hauzi tena vitumbua. Nilimkuta mkekani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umepungua, wewe."

"Kazi."

"Kazi gani ya kupunguza mtu? Kuchora maandazi?"

Nikacheka, nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Nilimuuliza kama mama alipokuwa msichana alikuwa anapenda kuchora.

"Nani, dada?" Alishtuka hasa. "Dada alikuwa hawezi kuchora hata mstari. Siku moja alituchorea kuku mchangani, tukadhani ni birika. Tulimcheka mpaka akalia."

"Lakini alikuwa ananikosoa. Kila siku, nikichora chakula chake. Kivuli, moshi, kila kitu. Ananiambia nirudie."

Mikono yake ilitulia kwenye mchele.

"Alikuwa hawezi harufu ya chakula cha moto," akasema. "Ugonjwa ulimwanza hivyo, tangu Nzega. Kikiwa cha moto kinamchafua roho, anaweza kutapika damu. Kikishapoa, anaweza kukaa nacho chumba kimoja."

Nilikumbuka ule uso uliogeuka ukutani kila nilipoinua kawa, na jinsi mara ya nne, au ya tano, picha ilivyokuwa ghafla nzuri. Hakuwa anautazama mchoro. Alikuwa anangoja mvuke uishe, na anangoja muda upite, muda unaotosha mtu kuonekana amekula. Mwalimu wangu wa pekee hakujua kuchora, na hakuwa ananifundisha.

Nilijua nisiposema siku hiyo sitasema tena. "Mama mdogo, vile vyakula nilikuwa nakula mimi. Vyote. Siku ile uliponiuliza, nilikudanganya."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile ya karatasi. Labda hata kabla yake. Mtoto wa kula kama nzige ananijia kwenye sinia anachezea matonge, nisijue?" Akaokota jiwe dogo, akalitupa uani. "Dada aliniapisha nisimpeleke hospitali. Alikuwa anajua ana nini, hakutaka kupasuliwa. Na mimi nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nina vitumbua, nina watoto, nina mgonjwa. Nikiona sahani tupu, napata sababu ya kwenda sokoni. Nilikuuliza nani anakula, na moyoni namwomba Mungu useme mama. Uliposema, nilishukuru."

Akarudi kwenye mchele wake. Tuliumaliza, tukaupika, tukaula pamoja mchana ule na watoto wa binamu zangu, na hakuna aliyelia.

Njiani nilijaribu kujisikia nafuu, kwa kuwa sasa tulikuwa wawili. Haikuja. Kuna siku moja ambayo sikumsimulia, na ninaiweka hapa kwa sababu ninyi hamuwezi kunitazama usoni.

Ilikuwa kati ya siku ile ya karatasi na siku ya hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na wanawake wa vijijini walileta sokoni uyoga wa kwanza. Mama mdogo aliupika kwa karanga. Nilipoinua kawa, nilitegemea mama ageuke kama kawaida. Hakugeuka. Alivuta pumzi kwa pua.

"Uyoga," akasema.

Akajiinua mwenyewe kwa kiwiko. Sikuwa nimemwona akiinuka mwenyewe kwa wiki nyingi. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli, yamefunguka kabisa, na mkono wake ukatoka chini ya khanga, ukaenda polepole kuelekea kwenye uyoga mmoja mkubwa uliokuwa umeegemea ukingo. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa na karatasi yangu. Nilikuwa nimeuona uyoga ule, na mwanga wa dirishani ulivyoushika kwa juu, na mchuzi unavyong'aa chini yake.

"Bado, mama," nikasema. "Usiguse, utaharibu."

Alinitazama. Nadhani alitabasamu, lakini sina hakika, na sitaandika kitu nisichokuwa na hakika nacho.

"Haya, mwalimu," akasema, akaurudisha mkono.

Nilichora. Siku ile sikufuta hata mara moja. Kila mstari ulikaa pale ulipotakiwa, na kwa sababu ulikuwa unakaa, nilikwenda polepole zaidi. Nilipomaliza, mchuzi ulikuwa umefanya utando juu. Nilimsogezea bakuli, nikamwambia sasa unaweza. Alikuwa amegeukia ukutani.

"Kula wewe," akasema.

Nikala. Ulikuwa mtamu sana, nikaumaliza wote.